Gari Letu la Maharusi Lilikuwa Chini Mno



Sisi ni mke na mume, tunaishi Dodoma. Mmoja wetu anashona magauni ya harusi, mwenzake anaendesha gari letu la kubeba maharusi. Leo tunawaletea kisa cha gari hilo, kwani kina funzo kwa kila dada anayejiandaa kuolewa, inshaAllah.

Gari ni Toyota Altezza nyeupe, toleo lililouzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Kijana aliyetuuzia alikuwa amekata springi zote nne kwa gurinda ili lilale chini. Tairi ziliingia ndani ya fenda, na chini ya injini ilibaki nafasi ya sentimita 8 tu. Tulilipenda hivyo hivyo. Tukilifunga maua, vijana wa Area D na Makole walisimama kulipiga picha. Fundi wetu alituonya mapema: springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu, shokapu zinagonga mwisho kwenye matuta, na tairi zinalika upande wa ndani. Tukamjibu, "Wateja ndivyo wanavyopenda."

Mwaka jana tulimbeba bibi harusi kumpeleka kwa wakwe zake, kijiji cha upande wa Kondoa. Ndoa ilifungwa mjini baada ya Adhuhuri. Njia kuu ya Kondoa ni lami, lakini kufika kijijini ni lazima uiache uingie njia ya mchanga na makorongo. Kwenye korongo la pili tukasikia chuma kinalia. Jiwe lilitoboa sampo, oili yote ikamwagika. Tulikaa pale mpaka ikapatikana Noah ya kuazima, bibi harusi akafika baada ya Isha, pindo la gauni likiwa jekundu kwa vumbi. Akina mama waliomsubiri na ngoma walishachoka.

Tulirudisha pesa yote. Tulipokwenda kuomba radhi, mama mkwe alituambia, "Tumewasamehe, wanangu. Ila picha ya kumpokea mkwe wetu mchana hatuna."

Neno hilo halikututoka. Yule binti alikuwa amana mikononi mwetu. Kasoro tuliijua, tukanyamaza, tukapokea pesa. Dini yetu inamtaka muuzaji aseme kasoro ya kitu chake kabla ya kulipwa, na sisi tuliuza safari.

Tukaamua kulirudisha gari kwenye kimo chake. Wako waliotushauri tuweke spesa juu ya springi zile zile, ni rahisi na haraka. Fundi alisema spesa italinyanyua gari, lakini springi itabaki ile ile iliyokatwa. Sisi wa cherehani tulimwelewa. Gauni lililokatwa fupi unaweza kuliunga kitambaa chini, lakini halitaanguka kama lilivyoshonwa mwanzo. Tukatafuta springi nne za mtumba za gari hilo hilo, ambazo hazijakatwa, za mbele na za nyuma kila moja mahali pake. Shokapu mbili zilizokuwa zinavuja tukabadilisha pia.

Kabla ya kufungua chochote, fundi alipima kwa futi kamba kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa fenda, akaandika. Baada ya kufunga springi, nati za mikono ya chini hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza lisimame kwa uzito wake, ndipo akakaza, ili bushi zisijipinde na kuchanika mapema. Tulitazamana tukacheka. Pindo la bibi harusi nalo hulipimi akiwa amekaa. Unamsimamisha, tena na viatu vyake atakavyovaa siku yenyewe. Mwisho tukafanya alaimenti na kurekebisha mwanga wa taa.

Gari limepanda sentimita 5. Vijana wanasema sasa ni gari la mzee, na wateja wawili wametuacha. Tunawakumbusha kuwa hata Toyota Celica zilizoshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986 ziliinuliwa kwa ajili ya njia zetu. Juzi bibi mmoja mzee alimsindikiza mjukuu wake. Alipanda na kushuka mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Dada zetu, kabla ya kulipia gari la harusi, litazameni kwa ubavuni. Kama kidole hakipiti kati ya tairi na fenda, ulizeni. Mwambieni dereva njia nzima mpaka mlangoni, siyo lami peke yake. Na sisi tunaofanya biashara tuseme ukweli kabla ya kuulizwa.

Allah awafikishe salama, awajaalie ndoa zenye utulivu na rehema. Ameen.