Vidole vya Korona

Tulipomzika mzee wetu wa korona, mjukuu wake aliniuliza kama babu alizaliwa na vidole vitatu mkono wa kulia. Kijana mkubwa, kakulia Tanga, na korona haijui! Nilikasirika, kisha nikaona afadhali niandike.

Korona ndiyo mashine iliyoponda majani ya mkonge na kubakiza singa. Kwenye shamba letu, upande wa Muheza, harufu ilikupokea kabla ya watu: uchachu wa makapi yaliyooza na yale maji ya kijani yaliyowasha ngozi hadi usiku. Mzee alisimama kwenye mkanda akitandaza majani yaingie sambamba. Jani likikaa upogo, mkono uliwahi kulinyoosha kabla hajafikiri. Vidole viwili vilikwenda hivyo. Kadi yake ya kazi inasema 1966. Mkewe anashikilia ni kabla ya hapo, mtoto wao wa kwanza alikuwa hajazaliwa. Haidhuru.

Sheria ya viwanda ilikuwapo tangu 1950, ila sisi tuliyemjua ni mzee. Alipopona alirudi palepale, na tangu hapo hakuna kijana aliyesogelea mkanda na mikono ya shati inaning'inia. Nyapara apige kelele asipige, mzee alimrudisha kijana nyuma, akamkunjia shati hadi juu ya kiwiko, ndipo kazi ikaendelea.

Kwenye brashi, palipopigwa singa kavu brashi, hakukuwa na mtu wa namna hiyo. Vumbi la singa lilitanda mpaka humwoni jirani yako. Wanawake walijifunga kanga puani, na jioni wakagawiwa maziwa, eti yasafishe kifua. Maziwa yanaingia tumboni. Vumbi linakaa mapafuni. Mama yangu alikohoa mpaka mwisho wake, na hadi leo naumia nikisikia wafanyakazi wanapewa maziwa mahali pa barakoa.

Baadaye kamba za nailoni zikaja, bei ya singa ikaanguka, kiberenge kikanyamaza, mashine zikauzwa chuma chakavu. Mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayomdai mwajiri vifaa vya kinga. Ni sheria nzuri. Lakini siku hizi, kwenye ujenzi, nimeona kofia ngumu zikitolewa stoo mkaguzi anapofika na kurudishwa akishaondoka, na fundi mkuu akimhimiza kijana awahi zege, huku kijana yuko juu ya jukwaa bila mkanda wa usalama. Kijana simlaumu, kibarua wa siku hambishii anayemlipa jioni. Namlaumu fundi wa rika langu, aliyeona watu wakianguka, mwenye sauti ya kusimamisha kazi, na akanyamaza.