Bi ya Langoni

Nilimpokonya mama mmoja wa Migosi mahali pake pa kuuzia, na nilifanya hivyo kwa kinyongo. Kwa muda mrefu nilijipa sababu: meza yake ilibana lango, wapangaji walipita kwa ubavu, mwenye mzigo alilazimika kuushusha barabarani. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini si hayo yaliyonipeleka kwa msimamizi wa ploti. Mama yule alikuwa ameacha kuitikia salamu zangu, nami nikaamua kwamba ni kiburi, na kwamba watu wa Kisumu hawampendi mtu wa pwani.

Mimi ni wa Mombasa. Nilikuja Kisumu kuweka hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, nikapanga chumba Migosi, upande wa kuelekea Manyatta. Mama alikaa chumba cha chini, kando ya lango. Asubuhi alimwaga omena juu ya gunia, akapanga nyanya kwa mafungu, kisha akaketi kukata sukuma wiki kwa kisu kilichonolewa miaka mingi hadi kikabaki upana wa kidole. Umri wake ni wa mama yangu mzazi au zaidi. Jina lake si la kuandikwa gazetini. Hapa nitamwita Akinyi, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa asubuhi.

Kwetu mwanamke mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Hutanguliziwa Bi: Bi Zena, Bi Mwanaisha. Yule mwimbaji wa Unguja aliyefariki Aprili 2013, Fatuma binti Baraka, dunia ilimjua kwa Bi Kidude, na sijapata kumsikia mtu akimwita Kidude tu. Neno lenyewe ni "bibi" lililofupishwa. Bibi kamili nilikuwa nimeonywa nisiiseme Kisumu, maana bara bibi ni mke, na mwanamume anayemwita jirani yake bibi anajitafutia kesi. Onyo hilo nililishika, nikadhani basi nimehitimu. "Mama" nayo niliiona ni ya kila mtu, kwa kuwa hata msichana mdogo akipita soko la Kibuye wachuuzi humwita mama. Nilitaka kumpa heshima zaidi ya hiyo. Nikawa namwita Bi Akinyi.

Siku moja mifereji ilikauka mtaa mzima. Mwenye mkokoteni wa maji akasimama langoni kwetu, watu wakaigombania mitungi. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara akizungumza na wanawake wenzake. Nikaona nimfanyie wema, asije akakosa. Nikapaza sauti: "Bi Akinyi! Maji!" Na mkono nikaupunga, kumhimiza. Wenzake waligeuka wakanitazama. Yeye hakugeuka. Alivuka baadaye, maji yamekwisha, akaketi mezani pake na kuendelea na kazi.

Tangu hapo shikamoo yangu ikawa inaanguka chini. Wengine aliwaitikia, wengine aliwachekea. Mimi, kimya. Sikumwuliza nimekosa nini. Niliwauliza watu wengine wote isipokuwa yeye, na kuuliza kwenyewe kulikuwa kusengenya. Nilisema maneno juu ya kabila lake ambayo nisingependa mtu ayaseme juu ya langu. Mwisho nikaandika malalamiko kuhusu lango, nikawashawishi wapangaji wawili watie sahihi. Mama akaambiwa aondoke. Akahamisha meza hadi kwenye kona, ukingoni mwa mtaro.

Dada mmoja wa pale kazini, mzaliwa wa Siaya, alichoka kunisikia nikimsema. Akaniuliza, "Kwani ulikuwa unamwitaje?" Nikamwambia. Akaniomba niseme vile vile kama nilivyosema siku ile ya maji. Nikasema. Akaweka kalamu mezani.

"Ndugu yangu, ulimwambia mama wa watu: Njoo, Akinyi! Maji!"

Katika Dholuo, bi ni njoo. Bi ka, njoo hapa. Bi wadhi, njoo twende. Wakiwa wengi huambiwa biuru. Kila jioni ploti yetu ilijaa neno hilo, akina mama wakiwaita watoto waingie waoge, nami nilikuwa nikilisikia juu ya sufuria yangu ya wali bila kushughulika kujua maana yake. Tena mwanamke wa umri ule, kwa adabu ya Waluo, huitwa kwa jina la mwanawe, Min fulani, au kwa kwao alikozaliwa, Nyar Gem, Nyar Alego. Jina lake mwenyewe, peke yake, baada ya "njoo", ni la mtoto anayetumwa maji.

Nilianza kuifuatilia bi hiyo kila nilipoikuta. Dholuo ni lugha ya Kinailoti, jamaa ya Kiacholi na Kilango cha Uganda, kwa hiyo haina undugu na Kiswahili. Neno hilo hawakulichukua kwetu wala sisi hatukulichukua kwao. Kwa jirani zao Waluhya, na kwa Waganda ng'ambo ya ziwa, -bi ni ubaya: omubi ni mtu mbaya. Katika Kiarabu bi ni "kwa", ndiyo inayoanza bismillahi yangu kabla ya kula, na ndiyo iliyomo ndani ya "bila", yaani bi na la, kwa kutokuwa na. Midomo kugusana na irabu moja, basi. Sauti ambayo hata mtoto mchanga huiweza. Maneno mafupi kiasi hicho ni machache na lugha ni maelfu, kwa hiyo lazima zigongane. Dholuo tena ina irabu tisa na kupanda na kushuka kwa sauti, na sikio langu la irabu tano lisingeona tofauti hata kama ningesikiliza kwa makini.

Nakiri kwamba maarifa hayo yalinifurahisha mno. Yalinipa pa kujificha. Nilikwenda kwenye ile kona nikiwa na maelezo kamili: kwamba ni ajali ya lugha, kwamba nilitoa heshima ikafika ikiwa amri, kwamba hakuna mwenye kosa. Nilimwita Min na jina la mwanawe wa kwanza, kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mawe madogo kwenye omena. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi:

"Bi ya redioni naijua. Kila siku wanasoma habari, Bi fulani, Bi fulani. Yako ilikuwa na mkono."

Sikuwa na jibu. Angeweza kuipokea bi yangu kama ya redioni, kama mkono wangu usingekuwa umeshaifasiri. Kule Mombasa nisingempungia Bi Zena avuke barabara aje nilipo. Ningevuka mimi. Hapa Migosi, kwa muuza omena, sikuona haja ya kuvuka, na huo haukuwa upofu wa lugha. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba malalamiko ya lango yalikuwa yangu, jambo alilokuwa akilijua tangu siku ya kwanza. Alinijibu kwamba amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumwomba aseme.

Nilirudi kwa msimamizi kuomba meza irudishwe. Pale langoni pameshawekwa kibanda cha kutoa na kuweka pesa kwa simu, na mwenyewe amelipa kodi ya mwaka. Wapangaji waliokuwa wakinunua nyanya jioni wakiingia ndani sasa hununua kwingine, na mvua kubwa ikinyesha mtaro hujaa hadi miguuni pa meza ya mama. Nimemwandikia mwenye ploti kwamba barua ile niliiandika kwa chuki, nikawaomba wale wawili waondoe sahihi zao, na wameziondoa. Nimeomba mwaka ukiisha, kabla nafasi haijapewa mtu yeyote, aulizwe mama kwanza.