Nati nne, roho mbili

Wabongo wengi tukitua Nairobi miguu inatupeleka River Road kununua nguo, jioni Westlands kula raha. Sawa, starehe ni zenu. Lakini wewe mpenzi wa magari kama hujateremka Kirinyaga Road, ambayo wenyeji mpaka leo wanaiita Grogan, basi Nairobi umeisikia tu.

Grogan ni spea mwanzo mwisho. Hapa beringi, pale gia boksi imelazwa barabarani kama mgonjwa, na kabla hujaitikia salamu mtu keshakushika mkono: "Unatafuta nini, boss?" Mimi niliongozana na mwenyeji wangu, mzee fundi wa magari ya mashindano. Alikuwa anasaka kitu kidogo kabisa: stadi. Zile bolti zilizochomoza kwenye habu, zinapenya matundu ya ringi, halafu ndiyo unafunga nati. Alitaka ndefu.

Tulipozipata tukavuka mji mpaka Industrial Area, jirani na Enterprise Road. Vumbi, moshi, na vibanda vya ugali na sukuma wiki ambavyo saa saba mchana hupati pa kukaa. Ndani ya gereji, juu ya stendi, nikamkuta bibie mwenyewe: Datsun 240Z!

Kwa vijana wa juzi, gari hili ndilo lililompa Edgar Herrmann ubingwa wa Safari Rally mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973. Siku hizi magari ya umri wake yanatimua vumbi kwenye Safari Classic, mbio zilizoanza mwaka 2003.

Bibie alikuwa amevalishwa spesa, sahani ya alumini inayokaa kati ya habu na ringi ili kusukuma tairi nje. Kisa? Ringi pana na tairi nene zilikuwa zinagusa shokapu.

"Sasa tazama, kijana," mzee akaniita. Spesa ilikuwa na unene wa milimita 15, na milimita zote hizo zimeliwa kutoka kwenye stadi za zamani. Akazungusha nati kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne, imefika mwisho.

"Mizunguko minne hiyo! Na ndani wanakaa watu wawili."

Sheria yake ni nyepesi: nati ishike uzi usiopungua unene wa stadi. Stadi ya 240Z ina milimita 12, na kila mzunguko nati inapanda milimita 1.25. Piga hesabu, ni mizunguko kama 10. Ukiweka spesa ya milimita 15, stadi nayo irefuke kwa milimita 15 au zaidi.

Kuzibadilisha nako kuna adabu yake. Habu ilifunguliwa, stadi za zamani zikasukumwa kwa presi. Nyundo ilikaa pembeni. Stadi ina meno shingoni, na meno hayo yakiwa madogo kuliko tundu itazunguka pamoja na nati, ukwame porini. Kutu na rangi vikasuguliwa vyote, maana vikibaki katikati vinasagika safarini na nati inalegea. Kisha nati zikakazwa kwa kuvushana, mkabala kwa mkabala, kwa spana yenye kipimo. Gari likishatembea kilomita 50 hivi, zinakaguliwa tena.

"Stadi bila ustadi ni chuma tu," mzee akacheka huku akijifuta grisi.

Sasa nawageukia nyie washkaji wa Sinza na Kinondoni mliovalisha Subaru na Mark II spesa za mtaani ili tairi zitokeze nje, mtaa ugeuke. Urembo sikatai, ingawa beringi nazo zinaubebea mzigo. Ila tairi likichomoka Morogoro Road, halichagui. Litamfuata mama muuza maandazi, litamfuata mtoto anayesubiri kuvuka.

Kwa hiyo leo jioni kabla ya kutoka na mtoto wa watu, paki pahala tambarare, piga jeki, fungua nati moja huku unahesabu mizunguko. Ikikutoka mkononi kwenye ya nne, funguo weka mezani. Pandeni daladala, mapenzi hayatapungua.