Kapsoya jua linapotua: chupa ya mwanao ina nini?

Ukiabiri matatu katikati ya Eldoret jioni, hasa wakati wa likizo, ukashuka mtaani Kapsoya, hutakosa kuwaona. Vijana wanapiga gumzo karibu na maduka, mmoja ameshika chupa ya soda. Usidanganyike, msomaji. Si lazima kilichomo kiwe soda.

Kapsoya, katika eneo bunge la Ainabkoi, ni mtaa wa watu wanaorauka. Tangu alfajiri, baridi ikiuma, wazazi hushika njia kwenda kutafuta riziki katika mji huu uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Wengi hurejea giza limeingia. Mchana kutwa, nani anamwangalia mtoto?

Mama mmoja alinisimulia jinsi alivyonusa pombe kinywani mwa mwanawe wa miaka 15. Alifoka, akitaka kuambiwa ni rafiki yupi aliyempotosha. Kijana akajibu polepole: "Ni mjomba, Mama. Alinionjesha kwenye ile harusi. Nawe ulikuwepo, ukacheka."

Mama akakosa la kusema.

Kisa hicho si cha ajabu. Utafiti miongoni mwa wanafunzi wa vyuo mjini Eldoret, uliochapishwa mwaka wa 2011, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa wamewahi kunywa pombe. Wengi wa waliotumia vileo na mihadarati walianzishwa na marafiki, lakini karibu robo walitaja jamaa zao.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia au kumpa pombe aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, askari hawezi kulinda kila sebule. Hiyo ni kazi yako, mzazi. Usimtume mtoto kukununulia bia. Usicheke anapoonjeshwa. Wafahamu marafiki zake. Ukigundua ameanza, zungumza naye kabla ya kushika kiboko, na mambo yakikuzidi, piga nambari 1192 ya NACADA, bila malipo.

Yule mama alimwomba mwanawe msamaha kwa kicheko kile. Siku hizi hula chajio pamoja, na kijana humweleza anakoenda na anayekwenda naye. Hajapona wasiwasi, lakini angalau sasa anaambiwa.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Je, jioni ya leo, wajua chupa ya mwanao ina nini?