Umejuaje?

Magharibi ya Sohar, kando ya Wadi Jizzi, upo ukuta wa mawe ya hudhurungi ambao wanajiolojia hutoka nchi za mbali kuja kuuzuru. Mawe yake yamerundikana kama mito ya kulalia. Mwaka 1975 picha yake ilitokea katika jalada la jarida la Marekani liitwalo Geotimes, na mahali penyewe pakabaki na jina hilo. Ukuta huo ni kipande kidogo cha ofioliti ya Semail, sakafu ya bahari iliyoumbika yapata miaka milioni 95 iliyopita, kisha ikasukumwa juu ya ukingo wa Bara Arabu. Leo imetanda kiasi cha kilomita 500 katika milima ya Hajar.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, wa chuo kimoja cha Muscat, alifika hapo na wenzake asubuhi moja ya Januari. Kabla hajachora hata mstari mmoja, aliandika katika daftari lake: “Hapa palikuwa bahari.” Mhadhiri alisoma, akamrudishia.

“Hilo umeambiwa darasani. Jicho lako limeona nini?”

Binti hakuwa na jibu. Baada ya wiki moja alitakiwa kuueleza ukuta ule mbele ya semina kwa dakika ishirini, na akiba yake yote ilikuwa istilahi za Kiingereza alizozihifadhi bila kuzielewa.

Ijumaa alikwenda kwa bibi yake. Bibi huyo alizaliwa Unguja, akahamia Oman katika miaka ya 1970, kama wengi wa asili ya Kiomani walioondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Nyumbani kwake Kiswahili hakijapata kupisha lugha nyingine. Siku hiyo alikuwa akipanga madonge ya chapati katika sinia. Mjukuu akamwonyesha picha katika simu.

“Mawe haya, Bibi, yalitoka chini ya bahari yakiwa moto, yameyeyuka.”

“Umejuaje, mwanangu?”

Lilikuwa swali lile lile la mhadhiri, ila hapa istilahi hazikuwa na pa kujificha. Neno basalti lingemwambia nini Bibi? Binti akatazama sinia. Madonge ya chini yalikaa bega kwa bega, vichwa vya mviringo. Donge lililowekwa juu yake lilikuwa limelegea, tumbo lake limezama katika mwanya na kufanya ncha. Akaitazama picha tena. Kila jiwe lilikuwa na mgongo wa duara na mkia uliochongoka kuelekea chini. Basi kila moja lilitua likiwa bado laini juu ya mengine yaliyokwisha kukaza.

Akaeleza zaidi. Ngozi ya kila jiwe ina punje ndogo mno, karibu na kioo, kwa sababu ilipoa ghafla. Ndani punje ni kubwa kidogo, kwa sababu joto lilichelewa kutoka. Kilichoipoza ngozi ghafla hivyo, pande zote, ni maji. Na kwamba maji hayo yalikuwa ya bahari, ushahidi uko juu ya mawe: matope yaliyogeuka mwamba, yenye mabaki ya viumbe vidogo vya baharini visivyoonekana kwa jicho tupu. Neno “bahari” sasa lilikuja mwisho, likiwa limelipiwa.

Semina ilifanyika kwa Kiingereza, lakini mpangilio wa hoja ulikuwa wa jikoni. Mhadhiri aliuliza alichouliza Wadi Jizzi, na safari hii alijibiwa.

Mara nyingi Kiswahili huombewa kamusi za sayansi, na kamusi zinahitajika. Lakini binti huyu hakukwama kwa kukosa neno. Alikuwa nayo maneno mengi. Alichokosa ni mtu wa kumdai ushahidi katika lugha ambayo hawezi kujificha ndani yake.

Wiki iliyofuata Bibi aliuliza jingine.

“Na hiyo bahari yenyewe imekwenda wapi?”

“Sehemu kubwa imezama chini ya Asia, Bibi. Hata leo sakafu ya Ghuba ya Oman inazama polepole chini ya pwani ya Makran.”

Bibi akageuza chapati.

“Na hilo nalo, umejuaje?”

Binti akafungua ukurasa mpya.