Mshono Mmoja

Mama alinipa fomu ya upasuaji nimsomee, maana mimi ndiye msomi wa nyumbani. Ni ile baipasi ndogo ya tumbo aliyoianzisha daktari Mmarekani, Robert Rutledge, mwaka 1997: hutengwa kifuko chembamba cha tumbo, kikaunganishwa na utumbo kwa mshono mmoja badala ya miwili ya baipasi ya kawaida.

Uzito hupungua, sukari mara nyingi hushuka. Ila nyongo huweza kupanda, na madaktari bado wanabishana kama baada ya miaka mingi italeta saratani.

"Ungekuwa wewe, ungesaini?"

Kwenye tasnifu ningeandika "utafiti zaidi unahitajika," nikaendelea. Mama magoti yanamuuma, na kalamu anayo mkononi. Nikanyamaza.

"Basi soma tena, mwanangu."