Jicho la Taa

Taa ya nje ya nyumba yetu, Maji ya Chai, ina fotoseli, kidude kinachohisi mwanga. Kukiwa na jua, kipande kilichomo ndani hupitisha umeme kirahisi. Giza likiingia hugoma, swichi hulia "tik," taa huwaka. Iliwekwa kwa ajili ya wezi, ingawa mwezi huu kuku wawili wamekwenda. Bibi, aliyepofushwa na presha ya macho, ameifanya saa yake. Akisikia tik husema, "Jua limezama. Ingizeni mbuzi."

Shida ni masika. Wingu la Meru likishuka saa tisa alasiri, taa huwaka, naye huuliza mbona watoto hawajarudi shule.

Jana nilimwambia, "Ni wingu tu, Bibi."

Akanyamaza kidogo. "Jeusi?"